Bei DM, lebo ya Turkey, "zimebaki mbili": nimefanya vyote, nakujibu kwa niliyoyaona

Mdogo wangu umesema una milioni moja na nusu, unataka kuanza kuuza magauni Instagram, na kuna watu wamekushauri vitu vinne: usiweke bei andika "bei DM" ili mtu akuulize inbox, andika Turkey hata kama mzigo ni wa China, kila posti malizia na "zimebaki mbili tu", na ukitaka kufanya ofa pandisha bei kwanza alafu uikate. Ukauliza hii ndo marketing yenyewe au ni utapeli. Wengi wamekujibu biashara ndo ilivyo, usipofanya hivo hutoboi. Mi nipo Kariakoo tangu 2016, nilianza kama dada wa dukani kwenye fremu ya mtu, baadae nikapata yangu, na hivyo vitu vinne nimevifanya vyote kwa mkono wangu. Kwahiyo vumilia, ni ndefu.

Nianze na bei kwasababu mengine yote yanatokea hapo.

Mtu akiniandikia "bei?" nilikuwa sijibu mpaka nifungue profaili yake. Nikiona amepiga picha ndani ya gari au ana kitambulisho cha ofisi shingoni, namwambia elfu 65. Nikiona amepigia chumbani pazia linaning'inia nyuma, namwambia 45. Gauni nimelichukua jumla 24. Sikuona kama ni kosa, tulikuwa tunaita kumsoma kastama, na aliyenifundisha alikuwa ananisifia kwamba nina jicho.

Sasa 2018 kulikuwa na gauni moja la kijani ya chupa, refu, lina malinda chini na mkanda wa kitambaa hicho hicho, lilitembea sana. Jumamosi moja usiku napigiwa simu, nasikia muziki kwa nyuma, ni kitchen party. Sauti ya mwanamke inaniambia "dada samahani, lile gauni la kijani la malinda unauza bei gani?" Nikakaa kimya. Nilikaa kimya kwasababu sikujua anayeuliza ni wa 65 au wa 45. Kumbe wamekaa meza moja wawili, wamevaa gauni lile lile, wamecheka wee mpaka wakaulizana umenunua wapi, umenunua bei gani, na simu wameweka spika. Nilivyoanza kujiumauma kwamba ujue mzigo ule wa kwanza ulikuwa tofauti, yule wa 65 akanikatisha, hakutukana wala hakupandisha sauti, aliuliza tu "kwani mimi ulinionaje?"

Yule mama alikuwa mwalimu, alishanunua kwangu mara tano na ndo alikuwa amewaingiza walimu wenzake kwenye grupu langu la WhatsApp. Jumatatu yake alitoka kwenye grupu, na mpaka Ijumaa wakawa wametoka kumi na mmoja. Swali lake nimelibeba mpaka leo, maana jibu la kweli lilikuwa baya: nilimuona ana kazi, nikaona nimkamue.

Najua mtu atakuja kusema mbona Kariakoo tunapatana bei kila siku, sio kila kitu kina bei ya kudumu. Sawa, kupatana sina shida nako kabisa, mimi mwenyewe nikienda kununua napatana mpaka jasho linatoka. Ila mtu aliyesimama Mtaa wa Kongo anajua tunapatana, akiona nimepandisha anahama duka la pili hatua tano tu, na akipunguziwa amepunguziwa kwa mdomo wake. Yule wa DM umemtenga peke yake, haoni mwenzake ameambiwa ngapi, na hajui kama hiyo bei ilipangwa baada ya kuchungulia picha zake. Hapo hamna kupatana, umeshamaliza kupatana peke yako kichwani.

Na hapo hapo niseme la mawinga maana ukija kuchukua mzigo utakutana nao. Winga ni kijana hana duka, anakudaka barabarani anakuzungusha madukani, kila pisi anaweka cha juu chake. Mi siwachukii, wengi wana familia, wanajua mzigo mpya umeshuka wapi kuliko hata wenye maduka, na wanabeba mizigo kwenye jua lile. Ubaya unakuja mwenye duka na winga wakikonyezana bei mbele ya mgeni aliyetoka Singida, anaambiwa 38 kitu cha 26 na anaapiwa kwamba hiyo ndo bei ya duka. Kwangu nilibandika bei kwenye kila pisi, nikawaambia mawinga mtu ukimleta nakupa elfu mbili kwa kila gauni, inatoka kwenye faida yangu sio kwenye mfuko wa kastama. Karibu wote walikimbia. Walirudi watatu, na hao watatu ninao hadi sasa. Ukija kununua ulizia bei mwenyewe kwa mwenye duka, na omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei iliyoandikwa kwenye risiti ndo inakuwa ushahidi wako.

Lebo sasa. Kwanini kila mtu anataka kuandika Turkey? Kwasababu mzigo wa Istanbul, Uturuki, ule wa mitaa ya Laleli na Merter ambako wafanyabiashara wetu wanaenda kufungasha, ulishajijengea jina hapa: gauni lina bitana, mishono imenyooka, zipu haigomi. Jina hilo lina hela. Ndo maana kuna lebo zinauzwa kwa roli, unampa fundi anafumua ya kiwandani anashonea nyingine, dakika mbili gauni lililotoka Guangzhou, China, limeshahamia Istanbul. Mi nilikuwa natoa mia mbili kwa kila lebo, naongeza elfu 20 kwenye bei.

Siku moja akaingia mama mtu mzima, lafudhi ya Tanga, amejitanda mtandio wake, akachagua gauni. Nikamwambia mama shikamoo, hiyo pamba ya Turkey orijino. Akaitikia, alafu akaligeuza gauni ndani nje, akaangalia ovaloki ya pembeni, akapitisha kidole kwenye zipu, akatazama lebo ilivyoshonewa. Akavuta uzi mmoja kwenye pindo, akaukata kwa meno, akamuomba kijana wangu kiberiti. Uzi wa pamba ukiuchoma unaungua kama karatasi, unaacha majivu unayapuliza yanapotea. Ule ulijikunja ukarudi nyuma, ukawa kijidonge cheusi kigumu, harufu ya plastiki duka zima. Kumbe yule mama yeye mwenyewe alikuwa anasafiri Uturuki kufuata mzigo. Akalikunja gauni vizuri kabisa, akaliweka kaunta, akaniambia "mwanangu gauni sio baya. Ungeniambia la China, poliesta, ningelichukua kwa thelathini." Akaondoka.

Hiyo kauli ilinichoma kuliko ningetukanwa. Gauni lilikuwa zuri kweli! Poliesta nzuri haijikunji, inakauka haraka, haichuji ovyo, mwanamke wa ofisini anayepanda mwendokasi asubuhi inamfaa kuliko linen inayofika kazini kama imetafunwa. Na Uturuki kwenyewe poliesta inashonwa kwa wingi tu, na China kuna viwanda vinashona vizuri mno. Nilikuwa na la kweli la kusema kuhusu ile nguo na sikulisema, nikaenda kununua uongo wa shilingi mia mbili.

Sasa hivi naandika: poliesta, China, ina bitana mpaka magotini, haivutiki. Watu wananunua.

Kopi za brandi ni jambo zito zaidi, raba za Nike na mikoba ya Gucci za bei ya chee. Hapo usijidanganye kwamba ukiandika wazi "kopi" umepona. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 ipo na Tume ya Ushindani, FCC, ndo wanaisimamia, wanakagua bandarini na madukani, wakikuta wanakamata mzigo na kuteketeza. Milioni moja na nusu yako isiende huko. Na nguo za ndani za mtumba usiziguse hata ukiambiwa zinalipa vipi, TBS, wale wa viwango, walishapiga marufuku. Mtumba mwingine ni biashara nzuri sana ya halali, ila kuna wanaoufua, wanaupiga pasi, wanatundika tagi mpya na kuuza kama wa dukani. Mwenye kununua mtumba anajua anachotafuta, mwambie ni mtumba grade one, atakuheshimu.

"Zimebaki mbili" nilikuwa naandika nikiwa nimekalia viroba vitatu. Dada mmoja wa Morogoro alichukua hela kwenye kikoba chao awahi hizo mbili. Wiki iliyofuata nikaposti lile lile, bei imeshuka elfu kumi. Alinitumia voisi fupi tu, "dada mimi nilikopa." Nilimrudishia ile elfu kumi lakini hakununua tena, na ana haki. Siku hizi naandika saizi kwa saizi kama zilivyo kwenye daftari, M zipo nne, L imebaki moja, XL zimeisha. Hiyo L moja inaondoka siku hiyo hiyo kwasababu wanaonifuata wanajua nikisema moja ni moja.

Ya kupandisha bei ili uikate, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Wenzetu Umoja wa Ulaya waliona ugonjwa huu huu, wakaweka kanuni inayotumika tangu 2022 kwamba duka likitangaza punguzo lazima lioneshe bei ya chini kabisa iliyokuwepo ndani ya siku 30 kabla. Mi niliipenda nikaichukua, nina daftari la bei na tarehe, nikisema ilikuwa 48 mtu akiteremka kwenye posti zangu ataikuta 48. Ofa yangu inakuja pale zimebaki S na XXL tu na nataka hela izunguke, na sababu naisema.

Kuna kitu hukuuliza ila kitakumaliza kuliko hivyo vinne: picha na saizi. Picha za kiwandani dada wa watu ni mrefu, gauni limebanwa pini mgongoni, rangi imechezewa. Na XL ya China wengi wetu ni M. Nilikuwa naposti zile, karibu kila wiki bodaboda anarudi na mzigo, kastama amekasirika, boda anataka nauli ya kwenda na kurudi, na wa mkoani ndo kabisa anaanza kuniita tapeli kwasababu alishatuma hela na ya kutolea juu. Kanunue futi ya fundi. Laza gauni mezani usilivute, pima kwapa hadi kwapa zidisha mara mbili, kiuno hivo hivo, nyonga hivo hivo, alafu urefu kutoka begani. Andika kwa inchi. Picha piga nje asubuhi bila filta, na moja piga karibu kabisa ya kitambaa na mshono wa ndani. Mtu wa Songea ajipime kwake, alinganishe, alipie. Hilo tu lilimaliza mizigo kurudishwa karibu yote, na nauli za bure zikaisha.

Feedback za kutengeneza, zile za mtu kujichatisha na simu zake mbili alafu anaposti skrinshoti, usianze. Na za kweli omba ruhusa kwanza, usiposti picha wala namba ya mtu eti kwasababu alinunua kwako, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na sio ya mabenki peke yake. Ukimpa msanii au dada maarufu nguo ya bure akuvalie, mwambie aseme amepewa.

Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Nilivyoanza kuandika bei, miezi kama minne mauzo yalishuka, jirani akawa anaangalia bei yangu anashusha elfu mbili, DM zikawa kimya kwasababu mtu anaona bei anapita. Nilikosa kodi ya fremu mwezi mmoja nikakopa kwa dada yangu. Kilichonirudisha ni wanawake wa mikoani wenye maduka yao madogo, walipima wakakuta inchi ni zile zile, kitambaa ni kile kile, wakaanza kuchukua pisi kumi kumi bila kuja Dar, mzigo tunapakia basi pale stendi ya Magufuli. Hao ndo wanalipa kodi yangu sasa.

Kwa hela yako mi ningechukua modeli tatu tu, rangi mbili mbili, saizi kuanzia L kwenda juu maana ndo zinatoka, kama laki tisa hivi, laki mbili ya dilivari na vifungashio, inayobaki usiiguse mpaka mzigo wa kwanza uishe. Ukishachukua, geuza moja ndani nje upige picha uilete hapa, nikuangalizie mishono na tupange bei.