Maswali ya Wasomaji: Sindano ya Miezi Tisa na Usonji

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mwanangu anatimiza miezi tisa wiki ijayo. Shemeji ametuma sauti ya WhatsApp kwamba chanjo ya surua huleta usonji (autism, hali inayomfanya mtoto apate shida ya kuwasiliana na wenzake), eti daktari wa Uingereza alithibitisha. Baba mtoto sasa anasita. – Mama, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Mpeleke. Daktari huyo ni Andrew Wakefield. Mwaka 1998 yeye na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu la The Lancet habari za watoto 12 tu, na makala yenyewe ilikiri kwamba haikuthibitisha uhusiano wowote. Mwandishi wa habari Brian Deer akafichua kuwa Wakefield alilipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Februari 2010 makala ikafutwa. Mei mwaka huohuo naye akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Watafiti wa Denmark walifuatilia watoto 657,461 na kutoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa.

Mwambie baba mtoto jambo ambalo sauti hizo hazilitaji kamwe. Chanjo yetu Uganda inakinga surua pamoja na rubela, ugonjwa mwingine wa virusi wenye homa na vipele. Mama akiugua rubela miezi ya mwanzo ya ujauzito, virusi hupita kwenye kondo la nyuma na kuharibu masikio, macho, moyo na ubongo wa mtoto. Baada ya mlipuko wa Marekani wa 1964, daktari Stella Chess wa New York alichunguza watoto 243 waliozaliwa na madhara hayo, akakuta 18 wana usonji au sehemu ya dalili zake. Idadi hiyo ilikuwa kubwa mno kuliko kwa watoto wengine. Kwa hiyo sindano inayosingiziwa ndiyo inayoziba njia mojawapo ya usonji inayojulikana.

Homa ya chanjo ya surua huja siku ya 5 hadi ya 12, pengine na vipele, wakati wengi wameshasahau sindano. Mnyonyeshe mara nyingi. Kwa mtoto wa kilo 8, mililita 4 za parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5 zinatosha, kila baada ya saa sita, zisizidi mara nne kwa siku. Akipata degedege au akikataa ziwa, mrudishe kituoni saa hiyohiyo.

SWALI: Mwanangu ana miezi 20. Alikuwa anasema “mama” na “maji”. Baada ya sindano ya surua ya miezi 18 akanyamaza. Nina mimba. Huyu ajaye asichanjwe? – Mama, Arua

JIBU: Pole sana, mama. Uchungu wako una haki, ila watoto wenye usonji wanaopoteza maneno huyapoteza sana kati ya miezi 15 na 24, na sindano inaangukia hapohapo. Watafiti waliotazama video za watoto wakitimiza mwaka mmoja, mwaka 1994, waliona tayari wenye usonji hawageuki wakiitwa na hawatazami nyuso kama wenzao. Ajaye achanjwe kwa ratiba yake.

Nguvu zako zielekeze kwa huyu mkubwa, wala usikubali kuambiwa “wavulana huchelewa”. Nyumba ikiwa kimya, mwite jina ukiwa nyuma yake. Angalia kama anakuonyesha kitu kwa kidole, kama anafuata kidole chako, kama anaiga kupunga mkono. Mrekodi kwa simu akicheza, maana kliniki huwa anajificha mgongoni. Omba kwanza apimwe masikio, kwa kuwa uziwi hufanana na usonji kwa mbali, kisha rufaa kwa daktari wa watoto. Kupoteza maneno peke yake kunatosha kuomba rufaa. Usingoje afike miaka mitatu.

SWALI: Nilimpeleka mwanangu kuchanjwa surua, nikarudishwa nyumbani kwa sababu watoto walikuwa wachache. Ni halali? – Baba, Kasese

JIBU: Kichupa kimoja kina dozi 10 za unga, kikishachanganywa na maji yake, kinachobaki baada ya saa sita humwagwa. Ndiyo maana wahudumu husubiri watoto wajae. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linashauri kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Waombe kwa upole. Wakishindwa, waandike siku ya kurudi kwenye kadi. Aliyechelewa bado huchanjwa.