Chesisi ya pikapu ya samaki: poda, epoksi au lami?

Kaka, umeuliza upake nini chesisi (fremu ya chini) ya pikapu inayobeba kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, kutoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza: rangi ya poda, epoksi au lami.

Mimi ningechukua epoksi ya kopo mbili, rangi na kigumishi chake unavyochanganya. Ziwa letu la Victoria ni maji baridi yasiyo na chumvi, halina kosa kubwa. Adui yako ni maji ya chumvi yanayochuruzika toka kwenye mzigo na kutuama ndani ya chesisi.

Poda inapendeza siku ya kwanza, lakini lazima chesisi ivuliwe yote na kuingizwa tanuru, na jiwe likiibandua, kutu hutambaa chini yake kimyakimya. Kuiziba palipobanduka ukiwa nyumbani ni shida. Epoksi unaikwangua hapo hapo na kupaka tena. Lami juu ya kutu ndiyo mbaya kuliko zote: inafunika unyevu, chuma kinaliwa huku wewe unaona jeusi linang'aa.

Kazi kubwa ni maandalizi. Osha kwa maji mengi chumvi itoke, toa grisi, kisha brashi ya waya hadi magamba ya kutu yaishe. Gonga kwa nyundo ndogo karibu na mabano ya springi. Pakilia butu au kubonyea, mwite fundi wa kuchomelea kabla ya rangi. Paka kiangazi, Julai hivi, chuma kiwe kikavu kabisa, tabaka mbili. Vaa barakoa, ile harufu si mchezo.

Ndani ya chesisi brashi haifiki, kwa hiyo pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu. Yale ya chini usiyazibe, maji yatokee wapi?