Gawa wasemaji, usigawe sentensi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya utambuzi wa usemi, yaani kuifunza kompyuta iandike maneno inayoyasikia, juzi hapa Tengeru, Arusha, nimeona tena slaidi ya modeli iliyodaiwa kufanya makosa machache mno. Nikauliza data imegawanywaje. "Tulichanganya sentensi zote, tukatenga asilimia 10 za majaribio." Jamani! Mara ngapi?

1. Vaeni hedifoni, msikilize data kabla ya kufunza chochote. Rekodi ya simu ya kilohezi 8, yaani sampuli 8,000 kwa sekunde, ukiipandisha hadi 16 haipati kitu kipya. Rekodi hushika masafa hadi nusu ya kiwango chake cha sampuli tu, kwa hiyo yaliyo juu ya kilohezi 4 yamekwenda, na huko ndiko "s" na "f" hutofautiana sana.

2. Gawa kwa wasemaji. Nilirekodi watu wachache Soko la Kilombero, kila mmoja sentensi nyingi, nikazichanganya zote. Sauti zilezile zikawa kwenye mafunzo na kwenye majaribio. Modeli ikang'ara, nikaandika ripoti, nikapongezwa, nikapanda daladala hadi Ngaramtoni na simu yangu mkononi. Bibi mmoja muuza viazi akauliza bei ya gunia mjini. Ikaandika upuuzi. Akarudia polepole. Upuuzi. Mara ya tatu alipaza sauti hadi wenzake wakageuka. Kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili: "Nisamehe mjukuu wangu, Kiswahili changu ni cha kwetu."

Amezaliwa na Kimaasai, ndiyo, lakini mimi nilimwelewa tangu mara ya kwanza. Niliyemkosea ndiye aliyeniomba radhi. Nikamwambia, "Hapana bibi, kosa ni langu," na sidhani kama aliniamini. Usiku ule niligawa data upya, msemaji wa majaribio asionekane kabisa kwenye mafunzo. Makosa yakapanda vibaya. Asubuhi nikamwandikia kila niliyempa ripoti ile. Inauma. Mkikosea, andikeni siku hiyohiyo.

3. Makosa huhesabiwa kwa maneno: modeli ikikosa silabi moja ya "hatukuwaambia" imehesabiwa neno zima. Kwenye ripoti andikeni pia kiwango cha makosa ya herufi.

4. Ombeni ridhaa kwa lugha anayoielewa mtu, na toleo jipya lirudi kwa waliojaribu la zamani. Nilirudi Ngaramtoni baada ya miezi kadhaa. Shikamoo, marahaba, lakini simu akaikataa: kwanza ninunue viazi. Nikanunua debe. Ndipo akauliza bei, akaniambia nimsomee ilivyoandika. "Gunia" lilikosewa, mengine yote yalikaa sawa. Akaichukua simu, akalitamka tena "gunia", safari hii bila kupaza sauti.