Fundi Anajibu: Kompyuta Kongwe Zinazogoma Kuwaka

Bodi ya 486, kibodi haisikii

*Nina bodi mama ya 486 (kompyuta yenye prosesa ya Intel 486) iliyolala kabatini miaka mingi. Karibu na plagi ya kibodi kuna betri ya buluu yenye umbo la pipa, na kando yake pameota uchafu wa kijani. Kompyuta inawaka na kuhesabu kumbukumbu, lakini kibodi haisikii kabisa. Nimejaribu kibodi tatu. Nipake magadi soda kisha nitafute ya nne?*

Kibodi zako hazina kosa, na magadi soda uyaache jikoni. Betri hiyo ni ya nikeli-kadimiamu, volti 3.6, yaani seli tatu za volti 1.2 zilizofungwa pamoja. Kinachovuja humo si asidi. Ni potasiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali, na magadi nayo ni alkali. Dawa yake ni siki nyeupe. Ushauri wa magadi unatokana na betri za gari, ambazo zina asidi, na watu wameuhamishia mahali pasipo pake.

Ikate betri leo, hata kama kazi nyingine utaifanya mwezi ujao, maana inaendelea kula shaba hata kompyuta ikiwa imezimwa. Vaa glavu na miwani, kata miguu yake kwa koleo, kisha chomoa chipu zote zilizokaa kwenye soketi jirani. Chipu ya kibodi, yenye miguu 40, huwa ya kwanza kuumia, kwa sababu majimaji hupenya chini ya soketi yakala miguu pale usipopaona. Chovya mswaki kwenye siki usugue mpaka kijani kiishe. Dakika chache zinatosha. Ukiiacha usiku kucha, siki yenyewe itaanza kula shaba. Suuza mara mbili kwa maji yaliyokenekwa, fukuza maji kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, uache bodi ikauke siku nzima.

Baada ya hapo ni kazi ya multimita. Plagi ya kibodi ya zamani, ile ya duara yenye pini tano, ina mtego: pini hazifuatani kwa namba. Ukizunguka kutoka upande mmoja ni 1, 4, 2, 5, 3, na pini 2 ndiyo ya katikati. Pini 1 ni ya mapigo ya saa, 2 ni data, 4 ni ethi (waya wa sifuri, ambako volti zote hupimiwa), 5 ni volti +5. Washa bila kibodi, upime kati ya 4 na 5. Usipopata volti 5, tafuta fyuzi au koili ndogo kando ya plagi. Mara nyingi ndiyo imekatika. Ukizipata, zima, kisha pima mwendelezo (kama njia ya umeme haijakatika) kutoka pini 1 ya plagi hadi mguu wa 1 wa chipu ya kibodi, na kutoka pini 2 hadi mguu wa 39. Bodi nyingi zilifuata mpangilio huo wa kompyuta ya IBM AT. Usishangae multimita ikionyesha omu chache badala ya sifuri, kwa kuwa njiani huweza kuwepo koili au rezista ndogo.

Njia iliyokatika usiijaze risasi ukadhani itaungana. Risasi haishiki shaba iliyooza. Kwaruza rangi ya juu kwa ncha ya kisu mpaka shaba ing'ae, paka fluksi, paka risasi kidogo, kisha rusha waya mwembamba kutoka sehemu nzima hadi sehemu nzima. Chunguza pia vile vitundu vinavyopitisha umeme kutoka upande mmoja wa bodi hadi wa pili: kitundu kinaweza kuonekana kizima kwa macho huku ndani kimekwisha. Kipime pande zote mbili.

Betri mpya ya aina ileile itavuja tena siku moja. Weka kishikio cha CR2032 (betri bapa kama sarafu, ya volti 3), lakini usikiunge moja kwa moja kwenye matundu ya betri ya zamani: bodi ilikuwa ikiichaji betri ile, na CR2032 haichajiwi, inaweza kupasuka. Unga diodi moja kwa mfululizo, mstari wake ukielekea bodi. Diodi ya kawaida ya silikoni hula kama volti 0.6, ukabaki na 2.4, na baadhi ya bodi husahau saa kwa kiwango hicho. Diodi ya Schottky hula nusu ya hapo au pungufu, ndiyo ya kuchagua. Kishikio kiweke mbali, kwa waya, kwenye ukuta wa kasha.

Moshi kutoka BBC Micro

*Shikamoo fundi. BBC Micro yangu (kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980) ilifanya kazi vizuri kama nusu saa, halafu ukatoka moshi mwingi wenye harufu kali. Ajabu ni kwamba haikuzimika. Nimeichomoa. Je, imekufa?*

Marahaba. Haijafa, na ni vizuri umeichomoa. Kilichoungua karibu kwa hakika ni kapasita ya kuchuja umeme wa ukutani, ndani ya pawa saplai. Ni kile kijisanduku cha rangi ya asali chenye jina RIFA. Kimetengenezwa kwa karatasi yenye utando wa metali, na ganda lake hupata nyufa kadiri miaka inavyokwenda. Unyevu huingia kwenye nyufa, karatasi inavuta maji, na siku inapopata umeme tena inachemka hadi kupasuka. Kazi yake ni kuzuia kelele za umeme tu, ndiyo maana kompyuta iliendelea kama kawaida.

Badilisha zote mbili, ile ya mikrofaradi 0.1 na ile ya 0.01, hata kama moja bado inaonekana nzima. Nunua za polipropilini zenye alama ya X2, volti 275 AC, na upime kwanza umbali kati ya miguu ili zikae. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa volti 400 DC haifai hapo. Za X2 zimejengwa zikifa zisiwashe moto. Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya ukutani, subiri, kisha pima kapasita kubwa ya pawa saplai: inapofanya kazi hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo baada ya kuzimwa. Kama multimita bado inaonyesha makumi ya volti, endelea kusubiri.

IBM PC 5150: feni inashtuka kisha kimya

*Nikibonyeza swichi feni inacheza mara moja tu, kisha hakuna kitu. Rafiki yangu anasema pawa saplai imekufa ninunue nyingine. Nimfuate?*

Bado. Pawa saplai iliyokufa haishtui feni. Hiyo yako inaamka, inagundua shoti mahali fulani, na inajizima ili isiungue. Inafanya ilichoundwa kufanya. Kinachobaki ni kujua shoti iko wapi.

Zima, chomoa ukutani, toa kadi zote na uchomoe diski zote, ibaki bodi mama na spika. Jaribu. Ikiwaka, rudisha kadi moja baada ya nyingine, ukizima kila mara, mpaka uifikie iliyo mbovu. Isipowaka, shoti iko kwenye bodi yenyewe. Chomoa plagi mbili za umeme, P8 na P9, upime omu upande wa bodi. Kwenye P8, pini ya 3 ni volti +12, ya 4 ni −12, za 5 na 6 ni ethi. Kwenye P9, mbili za kwanza ni ethi, ya 3 ni −5, tatu za mwisho ni +5. Ukipata omu moja au mbili kati ya +12 na ethi, umemkamata mwizi, na jina lake ni kapasita ya tantalamu.

Tantalamu hizo, zenye umbo la tone, ni za mikrofaradi 10 na volti 16, nazo zimewekwa kwenye njia ya volti 12. Nafasi ya volti 4 ni finyu mno kwa tantalamu. Zikichoka hazikatiki kimyakimya kama kapasita nyingine; zinageuka shoti, na mara nyingine zinalipuka kwa cheche. Ya kwanza kuishuku ni yenye doa jeusi au ufa, ila nyingi hazionyeshi dalili yoyote. Hapo inyanyue mguu mmoja wa kila kapasita iliyo kwenye njia ya +12, moja baada ya nyingine, huku ukiangalia omu. Zikipanda ghafla, umeipata. Bodi inaweza kuwaka bila kapasita moja, kwa hiyo unaweza kujaribu kabla ya kwenda dukani.

Weka mpya ya mikrofaradi 10, volti 25 au 35. Ukitumia kapasita ya elektroliti badala ya tantalamu, hakuna ubaya, lakini angalia alama: kwenye tantalamu alama huonyesha mguu chanya, kwenye elektroliti mstari huonyesha mguu hasi. Wengi wamelipua kapasita mpya hapohapo kwa kufuata alama bila kufikiri.

Unaporudisha P8 na P9, nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Ukizibadilishana, volti zitaingia kusikostahili na bodi itaungua mara moja.

Ikishawaka, sikiliza. Mlio mmoja mfupi ni heri. Ukiona namba inayoishia na 201 tatizo ni kumbukumbu, 301 ni kibodi, 601 ni diski za flopi. Kama hakuna mlio wala picha, na bodi yako ni ile ya mwanzo ya kilobaiti 16 hadi 64, pima pia volti −5. Chipu zake za kumbukumbu, 4116, hutaka +12, +5 na −5 kwa pamoja, na watu huisahau hiyo ya tatu. Jambo la mwisho: pawa saplai ya 5150 ina wati 63.5 tu. Usiibebeshe diski kuu ya zamani kisha uilaumu.

Commodore 64: taa inawaka, skrini nyeusi

*Taa nyekundu inawaka lakini skrini ni nyeusi tii. Nimeizima na kuiwasha mara nyingi. Nianze kubadilisha chipu ipi?*

Kwanza acha kuiwasha. Ile pawa saplai yake nzito ya mezani ndiyo inayoua kompyuta hizi kuliko kitu kingine chochote. Kirekebisha volti cha ndani kikiharibika, mara nyingi hakikati umeme; kinaziachia volti zipande, na chipu za kumbukumbu ndizo zinazoungua kwanza.

Chomoa plagi kwenye kompyuta uipime. Pini ya katikati ni ethi. Moja ya jirani zake wawili itakupa volti 5 DC, nyingine haina kitu. Pini mbili za mwisho kabisa, pande zote za tao, zina volti 9 AC kati yao. Volti 5 ikae kati ya 4.75 na 5.25. Kipimo cha bila mzigo kinadanganya, basi unga rezista ya omu 5, wati 10, ambayo itavuta ampea 1, uiache nusu saa huku ukipima. Rezista itakuwa moto, iweke juu ya kitu kisichoungua. Ikivuka 5.25, itupe. Nyingi zimejazwa gundi ngumu ndani na hazitengenezeki.

Pawa saplai ikiwa salama, angalia fyuzi ya kioo ndani ya kompyuta. Inalinda upande wa volti 9 AC tu, kwa hiyo ikiungua taa bado itawaka, kwa sababu taa inakula volti 5. Watu hubadilisha chipu tatu kabla ya kuiangalia.

Fyuzi ikiwa nzima, washa dakika mbili kisha gusa kwa uangalifu chipu nane za kumbukumbu, 4164. Moja ikiunguza kidole huku wenzake ni vuguvugu, ibadilishe. Chipu ya picha huwa moto kwa kawaida, hiyo isikutie hofu. Kumbukumbu zote zikiwa baridi, mshukiwa anayefuata ni PLA, chipu inayochagua sehemu ipi ya kumbukumbu isomwe, yenye namba 906114-01. Kompyuta ikipona itaandika baiti 38911 huru. Namba ndogo zaidi ya hapo, bila katriji, ina maana kuna chipu ya kumbukumbu bado mbovu.

Diski ya gigabaiti 20 kwenye 486

*BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi mama) inaona megabaiti 504 tu. Diski ni mbovu?*

Diski ni nzima. BIOS ya enzi hizo huhesabu silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63 za baiti 512, na hapo ndipo hesabu inapoishia. Ukiridhika na megabaiti 504, andika mwenyewe 1024, 16, 63 na utumie hivyo. Kwa DOS, mfumo endeshi wa enzi hizo, ni nafasi tele. Ukitaka zaidi, weka chipu yenye XTIDE Universal BIOS (programu ya BIOS inayoweza diski kubwa) kwenye soketi tupu ya kadi ya mtandao ya ISA (aina ya kadi za kompyuta za enzi hizo). Hata hivyo, DOS 6.22 itakulazimisha kuigawa vipande visivyozidi gigabaiti 2 kila kimoja, na haitavuka gigabaiti 8 za mwanzo. Kama diski imewahi kutumika kwingine na haitaki kuanzisha DOS, andika FDISK /MBR (amri ya kuandika upya kianzishi cha diski) kabla ya kukata tamaa.

Taa ya flopi haizimiki

*Tangu nirudishe nyaya, taa ya flopi inawaka muda wote.*

Kebo umeigeuza upande mmoja. Mstari mwekundu uende pini 1, na ncha iliyo baada ya msokoto ndiyo ya kiendeshi A. Hakuna kilichoungua, ila usitie diski yenye kazi zako kabla ya kurekebisha: kebo ikiwa kinyume, laini ya kuandika inaweza kubaki imewashwa, na diski ikafutwa kwenye duara lake la kwanza la data.