Anayeumia kwanza ni yule ambaye hajafika mahakamani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: fedha za msaada wa kisheria zinapopunguzwa, ni nani katika kesi za kifamilia anayeumia kwanza? Nimejitolea kwa miaka kadhaa hapa Amu (Lamu), pwani ya Kenya, kama msaidizi wa kisheria, yaani mtu asiye wakili anayewaelekeza wenye kesi, na jibu langu ni kwamba anayeumia kwanza ni yule ambaye bado hajafika mahakamani, kwa sababu hana wa kumwambia aende mahakama ipi, na aende na karatasi gani.

Mchukueni mama aliyeachwa na watoto katika vijiji vya mbali kama Kizingitini au Kiunga, kwa talaka ya mdomo ambayo haikuandikwa popote. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya inampa kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na kukubali kuamuliwa naye. Matunzo ya watoto hayakutajwa hapo, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inayaweka mikononi mwa Mahakama ya Watoto. Mama huyo mmoja, mwenye shida anayoiona kuwa moja, anatakiwa kubisha milango miwili. Asipoelekezwa mapema hupanda boti hadi Amu, husubiri, huambiwa kwamba alilolijia haliamuliwi hapo, kisha hurudi kwao. Na bahari ya kusi si ya kuvukwa kila wiki, wala nauli haiokotwi. Wengi huishia hapo, na watoto wakabaki wakilishwa na bibi yao. Kesi ya namna hiyo haihesabiwi popote kwa kuwa haikusajiliwa kamwe, na ndiyo maana wakubwa wanaopunguza fedha hawaoni madhara ya uamuzi wao.

Hata anayefika hupata taabu. Kesi sasa husajiliwa kwa intaneti, jambo lililowarahisishia kazi mawakili, lakini asiye na wakili hutegemea kijana wa saiba, yaani duka la intaneti, amjazie madai yake. Nimesoma madai ya matunzo ambayo ndani yake hamkuwa na ada ya shule wala gharama za matibabu, kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza mama huyo watoto wake wanahitaji nini.

Katika mali ya ndoa hali ni ngumu zaidi. Sheria ya mwaka 2013 inatambua kwamba kazi za nyumbani na ulezi wa watoto ni mchango, ingawa Mwislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika jambo hilo. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Upeo ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila mmoja hana budi kuthibitisha mchango wake. Mwanamke aliyepika, akalea na kuuguza kwa miaka mingi atathibitishaje hayo mbele ya wakili wa mumewe, ilhali yeye hajawahi kuandika hata hati ya kiapo?

Wapo wanaosema kwamba fedha zikipungua watu watarudi kwenye suluhu. Uingereza ilitarajia hivyo hivyo. Sheria yake ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013, iliondoa msaada wa kisheria katika kesi nyingi za talaka na malezi, isipokuwa kwa wenye ushahidi wa kunyanyaswa nyumbani. Waliokwenda kwa wasuluhishi wakapungua sana badala ya kuongezeka, kwa kuwa mawakili wa msaada ndio waliokuwa wakiwaelekeza huko, na wanaojisimamia wenyewe mahakamani wakawa wengi. Nayaheshimu mabaraza ya wazee wetu na nimekaa katika baadhi yake. Hata hivyo, mwanamke asiyejua haki yake hukubali chochote anachopewa, kisha sote tukasema wamesuluhishwa.

Nchini kwetu, Katiba inamhakikishia mshtakiwa wa jinai, ambaye bila wakili angedhulumiwa sana, wakili anayelipiwa na serikali; mdai wa matunzo hana hakikisho kama hilo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliahidi kuziba pengo kwa kuanzisha mfuko wa taifa na kuwatambua wasaidizi wa kisheria, lakini sehemu kubwa ya kazi mashinani imeendelea kubebwa na mashirika yanayotegemea wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika mengi nchini yalilazimika kupunguza kazi.

Kama fedha ni chache kweli, basi naomba zisianze kukatwa kwenye ushauri wa mwanzo. Msaidizi mmoja aliyefunzwa vyema katika kila kisiwa, mwenye nauli ya boti na simu ya kumfikia wakili, agharimiwe na mfuko wa 2016, ili asitegemee bajeti ya nchi nyingine kumwandikia mama wa Kizingitini madai yaliyokamilika kabla hajapanda boti.