Barua kwa mwanangu: mtu huwa mwenyeji lini?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema huu ni mwaka wa tatu unasomesha skuli hapo Jambiani, nyumba umepanga Kikadini, na juzi jirani yako alipokutambulisha kwa dada yake akasema, "Huyu mgeni wetu, mwalimu." Neno limekuchoma. Ukaniuliza: mtu huwa mwenyeji lini, na kwa lipi?

Mgeni hualikwa, mwenyeji haalikwi. Maadamu watu wanakufuata mpaka mlangoni kukwambia kuna shughuli, karibu, basi bado ni mgeni, tena wa heshima. Siku utakayokuwa hujafika mahali na mtu akauliza, "Mbona mwalimu haonekani, anaumwa?", hapo umeshaingia. Kwa hiyo usihesabu miaka. Angalia unatarajiwa wapi.

Karatasi kwanza, tuzimalize. Kila shehia, yaani eneo dogo la serikali, ina kiongozi wake, Sheha, na Sheha anatakiwa amjue kila anayelala kwenye shehia yake. Kama ulihama bila barua ya Sheha wa mjini, kaichukue hata sasa uipeleke, kwa sababu mambo mengi ya ofisini yanaanzia kwenye barua ya Sheha wako wa hapo. Lakini usidhani karatasi ndiyo itakayomnyamazisha jirani. Hata Sheria ya Uzanzibari ya 1985, ilipotaka kueleza Mzanzibari ni nani, ilianza na raia aliyekuwa akiishi Zanzibar kabla na hadi 12 Januari 1964. Ilianza na kukaa. Kijijini nako ni hivyo hivyo, ila kukaa kwenyewe kunapimwa kwa vitendo.

Umegusia pia kununua kiwanja. Usiharakishe. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali tangu baada ya Mapinduzi, unachopata wewe ni haki ya kuitumia, na mti una mwenyewe mbali na ardhi. Kiwanja kimoja chenye minazi 6 kinaweza kuwa na warithi wa minazi wasiopungua 10, na mwengine yuko Pemba, mwengine Muscat. Wanaokosea humlipa mtu mmoja aliyesimama mbele yao, wakaanza kujenga, kisha wenye miti wakatokea mmoja mmoja. Waulize majirani wa pande zote nne kwanza, ndipo uende kwa Sheha. Na nazi iliyoanguka njiani usiiokote, hata kama imelala hapo siku tatu. Ina mwenyewe, na mwenyewe anajua kuwa imelala hapo.

Sasa msiba, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaohamia wanapopotea, na si kwa ubaya. Kwetu maiti huzikwa siku hiyo hiyo inapowezekana. Tangazo likitoka msikitini saa 2 asubuhi, adhuhuri maiti anaweza kuwa kaburini. Mgeni anayejali atasikia, atahuzunika, atajipanga aende siku ya tatu kwenye hitima, na mkononi atakuwa na bahasha nzuri. Watu watamshukuru na watamkalisha. Lakini mwenyeji huonekana maiti hajatoka. Jifunge kanga zako uende saa ile ile. Ukifika, kaa pale mkekani penye nafasi, usiende kumshika mfiwa na kumuuliza aliumwa nini. Sema pole yako fupi, Mungu amsamehe, kisha tazama mkono gani unahitajika. Kuosha maiti kuna wajuzi wake, wanaojua maji ya majani ya mkunazi, kafuri, na sanda ya mwanamke kuwa ni vipande vitano. Wewe hapo chota maji. Ndoo hazitoshi siku zote, na kila msiba kuna nusu saa ambayo pipa limekauka na hakuna aliyeona. Aliyeona na akaenda kuchota bila kuambiwa, jina lake linabaki.

Ubani wako, yaani mchango wa msiba, mpe yule mwenye daftari. Si lazima uwe mwingi. Sukari kilo 2 au mchele kilo 2 unatosha, na siku ile ya kwanza unafaa kuliko noti, kwa sababu nyumba ya msiba haipiki, majirani ndio wanaopika na maduka yako mbali.

Kisha nenda jikoni. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu jiko la shughuli ndipo panapopikwa uenyeji wa mwanamke. Kwa watu 200 hupikwa mchele kilo 20 hadi 25. Ukiwa wali wa nazi, kila kilo hutaka nazi 2, kwa hiyo zinakunwa nazi 40 au 50. Hakuna nyumba yenye mbuzi za kukunia za kutosha. Nenda na mbuzi yako chini ya kwapa, na kisu chako. Vitie alama, tone la rangi au uzi mwekundu mguuni, maana jioni mbuzi zote zinafanana na ugomvi wa mbuzi hausahauliki upesi. Kaa ukune. Nazi ikunwe hadi karibu na kifuu na uache, ukiparuza kifuu tui linatoka la kijivu na kila mtu anajua ni nani aliyekuwa na haraka.

Tui jepesi, la mkamuo wa pili na wa tatu, ndilo linalotangulia sufuriani na chumvi, likichemka mchele unaingia. Tui zito husubiri mpaka mchele umekaribia kunywa maji yote, ndipo linamiminwa juu na makaa yanapaliwa kwenye mfuniko. Anayelitia mapema huunguza chini na juu akabaki na bokoboko. Mapishi ya sufuria kubwa usiyaguse mwaka huu wala mwakani. Kuna mtu mmoja au wawili kila mtaa wanaoachiwa mwiko. Kazi yako ni kukuna, kuchagua mchele, kuosha masinia, na kuwepo wakati wa kuosha masinia, ambao ndio wakati wageni wote wameshakwenda zao. Sinia moja hula watu 4 au 5, kwa hiyo watu 200 ni masinia 40 na ushei, yote yana mafuta. Ukiona mtu anakusukumia rundo la masinia bila hata kukuangalia usoni, huku akiendelea kuzungumza na mwenzake, furahi. Mgeni hasukumiwi masinia.

Jengine ni sahani. Umeandika kwamba jirani alikuletea mihogo ya nazi nawe ukamrudishia sahani jioni ile ile, imeoshwa, na ndani umeweka kuku wa kukaanga mzima. Najua ulitaka kumfurahisha. Lakini sahani iliyorudi siku hiyo hiyo na kitu kikubwa zaidi ni deni lililolipwa, na wawili waliolipana hawana tena cha kufuatana. Sahani hairudi tupu, ni kweli, ila hairudi mbio. Ikae kwako siku mbili tatu, kisha itie kitu cha kadiri yake: embe 3, au kipande cha mkate wa kumimina. Akiona pungufu kidogo si kitu, atakuja kuleta tena. Ramadhani inapoingia peleka futari nyumba mbili za karibu kabla hawajakuletea, na usimtume mtoto siku ya kwanza, nenda mwenyewe.

Salamu huhitaji kufundishwa, nilikulea nayo, ila nakukumbusha mawili. Anayepita ndiye anayeanza, si aliyekaa barazani, hata kama una mkoba mzito na jua limekupiga. Na hodi ni mara tatu. Usipojibiwa ya tatu rudi, usichungulie dirishani kwa kuwa umeona viatu mlangoni. Kikae, lahaja ya hapo, wewe kisikilize tu, usikiigize. Watu wa kusini wanafurahi ukikielewa, ukikiiga wanaona unawacheza.

Imebaki bahari, na hii ndiyo uliyoniandikia kwa malalamiko bila kujua kuwa ni bahari. Ulisema uliitisha mkutano wa wazazi saa 4 asubuhi, wakaja akina mama 5, ukaona wanakudharau. Mwanangu, mkutano ulikuwa mwezi ngapi wa kuandama? Nimeihesabu tarehe uliyoitaja, ilikuwa mwezi 2, yaani siku ya pili tangu mwezi kuandama. Ni bamvua hiyo, maji yanapotoka mbali kabisa. Akina mama wa Jambiani walikuwa pwani kwenye mwani.

Hesabu yake ni hii, ijifunze kama jedwali la kuzidisha. Mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu, maji yanapwa kabisa kiasi cha saa 4 hadi saa 4 na nusu asubuhi, na kujaa saa 10 jioni. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mwezi 4 yanapwa kiasi cha saa 6 na nusu mchana, na mwezi 8 yanakaribia saa 10 jioni. Bamvua yenyewe, maji yanapokwenda mbali zaidi, ni siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, na hapo tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Mwezi 8 na 9, na tena 22 na 23, ni maji mafu: tofauti ni kama mita moja tu, pwani haifunguki vizuri, na asubuhi maji yako juu. Mkutano wa wazazi uweke maji mafu, asubuhi, na utaona ukumbi.

Na mwani hausubiri barua ya skuli. Tangu ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, masaa ya bamvua ndiyo masaa ya ofisi ya wanawake wa pwani hiyo. Kamba ya mita 4 au 5 inafungwa kati ya vigingi viwili, miche inaning'inia kwa taitai, vile vikamba vyembamba, kila sentimita 20 hivi, na baada ya wiki 6 unavunwa. Anayekosa bamvua moja anangoja wiki mbili, na ndani ya hizo mbili kamba inaweza kukatika, samaki wakala, au maji ya moto ya wakati wa kaskazi yakaufanya mwani uwe mweupe na kuoza. Ndiyo maana cottonii, aina ya mwani iliyo na bei nzuri, imewashinda wengi na wamebaki na aina ya spinosum. Ukipita huko fuata mapito yaliyo wazi, usikanyage kamba, na usichomeke hata kijiti kimoja mahali unapoona patupu. Palipo patupu pana mwenyewe aliyepumzisha shamba lake.

Ukifika mbali karibu na mwamba, kuna kitu mgeni hakijui: maji hayarudi kwa kukufuata usoni. Yanapogeuka hujaza kwanza vijito na mashimo yaliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Saa ya kwanza yanapanda kidogo tu na kukudanganya, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Kwa hiyo ondoka yanapogeuka, usingoje yakufike gotini. Pweza usiwaguse mpaka ujue miamba ya kijiji iko wazi, maana vijiji vya kusini, kama Kizimkazi, huwa vinafunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na anayechokoa wakati wa kufunga anawaibia wote.

Mwezi ukiandama safari hii, siku ya pili yake ikiwa si siku ya skuli, mfuate huyo huyo jirani aliyekuita mgeni, kiasi cha saa 3 asubuhi, umwambie unakwenda naye pwani. Vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu kwa ajili ya shumu, wale wenye miiba mirefu myeusi. Chukua maji ya kunywa na mtandio mzito. Usimuombe akufundishe, na usimpige picha. Fungua taitai anazokuonyesha, na mkirudi ubebe wewe mzigo wa mwani mbichi, kwa sababu ni mzito mno: kilo 8 hadi 10 za mbichi ndizo zinazotoa kilo moja ya mkavu, na kutoka mwamboni hadi kwenye vichanja vya kuanikia ni kilomita moja na zaidi kwenye mchanga unaozama.

Mama yako