Kuuza taa za sola Kigali: shughulikieni karatasi kwanza

Mkuu, umeuliza karakana yenu ya taa za sola hapo Mwanza ianzie wapi ili ipate soko Kigali: mkopo, au banda kwenye maonesho ya nje. Mimi ningeweka vyote viwili pembeni. Nimehangaika na mizigo ya wafungaji wadogo wa sola, na mara nyingi mteja yupo, karatasi ndizo hazipo.

Kubwa ni cheti cha uasili wa bidhaa. Ili mzigo uingie Rwanda kama bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, taa iwe imetengenezwa huku kweli. Kuagiza kila kitu China, ukakaza skrubu na kubandika nembo, hakuhesabiki. Kanuni za Jumuiya hazitambui uunganishaji mwepesi. Ganda mnamimina wenyewe? Saketi je? Tunzeni risiti ya kila kipande. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa iwe kwenye orodha waliyokubaliana nchi husika. Jaribuni na mzigo wa namna hiyo.

Halafu ankara. Lori letu moja lililala Rusumo, mpakani mwa Rwanda, kwa sababu ankara iliandikwa "vifaa vya sola", basi. Ndani mna paneli, taa na nyaya. Afisa hakuwa na kosa: kwenye namba za forodha za kutambulisha bidhaa, paneli iko 8541, taa ya kubeba yenye betri yake 8513. Andikeni kila kitu mstari wake, idadi, bei na uzito.

Mkituma sampuli kwa ndege, betri ya lithiamu ni mzigo hatari, wataulizia ripoti ya UN 38.3, yaani jaribio la usalama wa betri safarini. Mdai muuzaji wa betri KABLA hujamlipa. Ukishalipa hapokei simu.

Wanunuzi wakubwa watauliza cheti cha VeraSol, mpango wa kupima ubora wa bidhaa za sola. Hapo taa inapimwa kama inawaka saa zile mlizoandika kwenye boksi, na warantii isipungue mwaka mmoja. Kwa mtu mdogo gharama yake inauma. Ndiyo maana wafadhili wakija na programu zao za kuinua wajasiriamali huwa nawaambia tiketi ya maonesho ya Dubai wabaki nayo, walipie maabara. (Hawapendi, maabara haina picha nzuri.)

Na warantii ina maana taa ikifa Kigali kuna fundi na spea kulekule. Spea ziende na mzigo wa kwanza.

Betri zenu ni aina gani, na saketi mnanunua au mnachomelea wenyewe? Weka hapa tuone kama uasili unapita.